Jumla ya mpaka sasa haishuki hata biashara ikianguka

WAFANYABIASHARA wengi wadogo siku hizi wanaandika mauzo yao. Hilo ni jambo jema, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, lipo tatizo moja ambalo daftari lenyewe haliwezi kulitatua. Mtu anaandika kila siku, anajumlisha kila mwezi, anaona jumla inakua, naye anaridhika. Miezi michache baadaye anashangaa mtaji umekwisha.

Wiki hii, baada ya bei za soko, ukurasa huu unatoa somo la hesabu moja tu. Ni hesabu ya jumla limbikizi kwa mwaka, yaani jumla ya mpaka sasa inayoanza upya kila mwaka mpya. Tutaifanya kwa daftari kwanza, kisha kwa kompyuta. Mfano wetu tunauchukua Kigongo, wilayani Misungwi, mahali ambapo wafanyabiashara wengi walilazimika kuyasoma upya mahesabu yao.

Kigongo kabla na baada ya daraja

Kwa miaka mingi, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alifika Kigongo akasubiri kivuko cha kumvusha Ghuba ya Mwanza hadi Busisi. Kusubiri huko ndiko kulikolisha biashara. Abiria alishuka kwenye basi, akala wali samaki, akanywa soda, akanunua matunda na vocha. Dereva wa lori aliyekuta foleni alikula mara mbili.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, kati ya Kigongo na Busisi. Ujenzi wake ulianza mwaka 2020 na uligharimu zaidi ya Sh. bilioni 700. Kwa msafiri, kwa mgonjwa na kwa mwenye mzigo, daraja ni neema. Gari sasa linapita kwa dakika chache. Lakini gari linalopita halisimami, na aliyekuwa akiuza kwa mtu anayesubiri amebaki akiutazama moshi wa gari.

Kwa sababu hiyo, swali la mfanyabiashara wa Kigongo halikuwa kama daraja ni zuri au baya. Swali lake ni hili: biashara yangu imepungua kiasi gani, tangu lini, na je, nihame, nibadili bidhaa au nivumilie? Jibu la swali hilo limo ndani ya daftari, ikiwa litasomwa vizuri.

Mfano wa mama lishe

Tuseme yupo mama lishe aliyekuwa na kibanda karibu na gati la kivuko. Mama huyu ni wa kutunga na takwimu zake ni za kutunga, kwa ajili ya somo hili. Mauzo yake ya kila mwezi, kwa maelfu ya shilingi, yalikuwa hivi:

Mwaka 2024: Januari 1,400, Februari 1,300, Machi 1,400, Aprili 1,350, Mei 1,400, Juni 1,500, Julai 1,550, Agosti 1,500, Septemba 1,400. Miezi mitatu ya mwisho iliingiza 4,800, hivyo mwaka mzima ulifika 17,600.

Mwaka 2025: Januari 1,500, Februari 1,400, Machi 1,500, Aprili 1,450, Mei 1,500, Juni 1,250, Julai 700, Agosti 600, Septemba 600.

Hatua ya kwanza ni kupata jumla limbikizi. Januari 2024 andika 1,400. Februari chukua 1,400 ya juu, ongeza 1,300, andika 2,700. Machi ongeza 1,400, andika 4,100. Endelea hivyo hivyo hadi Desemba.

Hatua ya pili ndiyo wengi wanayoikosea. Ukifika Januari 2025, usiongeze juu ya 17,600. Piga mstari mwekundu kwenye daftari, uanze upya na 1,500. Mstari huo ni ukuta wa mwaka. Bila ukuta huo, mwisho wa Septemba 2025 mama huyu angeandika 28,100, namba kubwa isiyomwambia lolote kuhusu mwaka huu wala mwaka jana.

Hatua ya tatu ni kuweka miaka miwili bega kwa bega, mwezi kwa mwezi, na kutoa jumla ya mwaka jana kutoka jumla ya mwaka huu:

Mwezi | Jumla 2024 | Jumla 2025 | Tofauti
Januari | 1,400 | 1,500 | +100
Februari | 2,700 | 2,900 | +200
Machi | 4,100 | 4,400 | +300
Aprili | 5,450 | 5,850 | +400
Mei | 6,850 | 7,350 | +500
Juni | 8,350 | 8,600 | +250
Julai | 9,900 | 9,300 | -600
Agosti | 11,400 | 9,900 | -1,500
Septemba | 12,800 | 10,500 | -2,300

Namna ya kuisoma

Angalia safu ya jumla ya 2025 peke yake. Inapanda kutoka 1,500 hadi 10,500 bila kushuka hata mara moja. Haiwezi kushuka, maana mauzo hayawi chini ya sifuri, labda wateja wawe wanarudisha bidhaa. Hata kama mama huyu angeuza sahani kumi tu kwa mwezi, jumla ingepanda. Hivyo basi, kupanda kwa jumla si dalili ya biashara kukua. Ni tabia ya hesabu yenyewe.

Sasa angalia safu ya tofauti. Hapa ndipo habari ilipo. Kuanzia Januari hadi Mei mwanya ulikuwa ukipanuka kwa 100 kila mwezi, kwa maana kwamba kila mwezi ulikuwa bora kidogo kuliko mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia. Juni mwanya ulipungua kutoka 500 hadi 250.

Mwezi huo wa Juni ndio hasa wa kuuchunguza. Ikiwa mwishoni mwa Juni mama huyu angepeleka karatasi yake kwa mkopeshaji, karatasi ingesema mauzo ya nusu mwaka ni Sh. milioni 8.6, juu kwa asilimia 3 kuliko nusu ya kwanza ya mwaka uliopita. Mkopeshaji angefurahi, na yeye mwenyewe angefurahi. Pengine angechukua mkopo wa kununua jiko kubwa na sufuria mpya. Wakati huo huo mauzo ya Juni peke yake yalikuwa yameshuka kwa 250, na daraja lilikuwa limefunguliwa kwa siku zipatazo kumi na mbili tu za mwezi huo. Miezi mitano mizuri iliuficha mwezi mmoja mbaya.

Kanuni ya kushika ni hii: usiangalie tu kama tofauti iko juu au chini ya sifuri, angalia inakwenda upande gani. Tofauti ya +250 inayotoka +500 ni habari mbaya kuliko tofauti ya -100 inayotoka -300. Wa kwanza anarudi nyuma ingawa bado yuko mbele. Wa pili anasogea mbele ingawa bado yuko nyuma.

Aidha, safu hiyo inampa mama lishe kipimo cha uamuzi. Kati ya Julai na Septemba mwanya uliongezeka kwa 850, kisha 900, kisha 800. Hayo ni wastani wa Sh. 850,000 za mauzo zinazokosekana kila mwezi, na hakuna dalili ya kurudi. Akijua kwamba kodi ya kibanda, kuni na mshahara wa msaidizi havijapungua, anaweza kupiga hesabu ya miezi ambayo mtaji wake utamvumilia. Asipoijua namba hiyo, atasubiri "hali itengemae" mpaka mtaji uishe.

Usilinganishe miezi tisa na miezi kumi na miwili

Kosa jingine linaloonekana mara kwa mara ni kuchukua jumla ya mwaka ambao haujaisha na kuilinganisha na mwaka mzima uliopita. Mwisho wa Septemba 2025 mama lishe ana 10,500. Akiitazama 17,600 ya mwaka mzima wa 2024 atadhani ameporomoka kwa asilimia 40. Kipimo halali ni 12,800, jumla ya Septemba 2024. Ameshuka kwa 2,300, yaani asilimia 18.

Vivyo hivyo, ukifunga hesabu tarehe 15 ya mwezi, chukua jumla ya mwaka jana hadi tarehe 15, si hadi tarehe 30.

Mwaka gani?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini si hivyo. Kalenda ya ukutani huanza Januari, ila si kila biashara huanza Januari.

Mkulima na mnunuzi wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua hili. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na ununuzi huanza katikati ya mwaka unaofuata. Ukuta wa mwaka ukijengwa Desemba 31, gharama za kulima na kupanda zinaangukia mwaka mmoja na mapato yanaangukia mwaka mwingine. Daftari litaonyesha hasara upande huu na faida kubwa upande ule, na zote mbili ni za uongo. Kwa biashara ya namna hiyo, anza jumla mwanzo wa msimu. Uandike juu ya ukurasa "Msimu wa 2024/2025", si "Mwaka 2025".

Serikali nayo huanza mwaka wake wa fedha Julai 1 na kuufunga Juni 30. Anayeuza kwa halmashauri au shule za serikali atafanya vizuri kuweka jumla ya pili inayofuata mwaka huo, maana malipo hufuata bajeti.

Wauza dagaa wana kalenda nyingine ya juu ya vichwa vyetu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa hazivuti dagaa kama usiku wa giza. Mizunguko 12 ya mwezi wa angani ni siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa kalenda. Kwa hiyo giza linahama. Machi ya mwaka huu inaweza kuwa na siku nyingi za uvuvi kuliko Machi iliyopita, bila soko kubadilika. Anayelinganisha mwezi mmoja na mwezi mmoja atapotoka. Jumla limbikizi inasaidia hapa, kwani baada ya miezi mitatu au minne mipando na mishuko ya mbalamwezi hulingana.

Mwisho, kuna hesabu isiyohitaji ukuta wa mwaka kabisa. Wajibu wa kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, hupimwa kwa mauzo ya miezi 12, na miezi hiyo si lazima ianze Januari. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh. milioni 100 hadi milioni 200. Tuseme mfanyabiashara aliuza milioni 150 mwaka wa kwanza, na kati ya hizo milioni 120 ziliingia Julai hadi Desemba. Mwaka uliofuata akauza milioni 160, na kati ya hizo milioni 110 ziliingia Januari hadi Juni. Kwa kalenda hakuna mwaka uliofika milioni 200. Lakini Julai hadi Juni aliuza milioni 230. Kwa hesabu hii kila mwezi mpya unaoingia unamtoa mwezi wa kumi na tatu nyuma. Kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, thibitisha kiwango kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya kuamua.

Kwa wanaotumia kompyuta

Mwenye Excel aweke safu nne: A mwaka, B namba ya mwezi, C mauzo, D jumla. Vichwa vya habari vikae mstari wa 1, na takwimu zianze mstari wa 2, zikipangwa kwa mwaka na mwezi. Katika D2 andika:

=C2

Katika D3 andika fomula ifuatayo, kisha ivute hadi chini:

=IF(A3=A2,D2+C3,C3)

Maana yake ni rahisi: ikiwa mwaka wa mstari huu ni sawa na mwaka wa mstari wa juu yake, ongeza, la sivyo, anza upya. Huo ndio ule mstari mwekundu wa daftari.

Udhaifu wa fomula hiyo ni kwamba mistari ikichanganyika, hesabu inaharibika. Ikiwa hutaki kutegemea mpangilio, tumia hii katika D2 na kuivuta:

=SUMIFS(C:C,A:A,A2,B:B,"<="&B2)

Hii inajumlisha mauzo yote ya mwaka ule ule ambayo mwezi wake haujapita mwezi wa mstari husika. Ukitaka kugawa kwa maduka, ongeza safu ya duka na sharti lake ndani ya mabano.

Kampuni zenye programu kubwa za taarifa, mfano Power BI, hutumia amri ya TOTALYTD, ambayo huweza kupewa tarehe ya mwisho wa mwaka wa hesabu kama mwaka huo haufungwi Desemba. Wanaouliza hifadhidata moja kwa moja hutumia SUM(mauzo) OVER (PARTITION BY mwaka ORDER BY mwezi). Sehemu ya PARTITION BY ndiyo ukuta wa mwaka. Ukiisahau, jumla itachanganya miaka, na programu haitakuonya.

Tahadhari tatu

Kwanza, mwezi usio na mauzo uandikwe sifuri, usirukwe. Ukirukwa, mwezi wa Mei wa mwaka mmoja unaweza kukaa mkabala na Juni wa mwaka mwingine.

Pili, usijumlishe kisichojumlishika. Mauzo, manunuzi na gharama hujumlishwa. Baki ya stoo, deni la benki na bei ya gunia havijumlishwi. Ukiwa na magunia 20 stooni Januari na 20 Februari, huna magunia 40.

Tatu, kumbuka bei. Shilingi zikiongezeka kwa sababu bei imepanda, jumla itapanda bila bidhaa kuongezeka. Weka safu ya pili ya idadi: sahani, kilo au magunia.

Kwa mwenye hisa

Benki zetu hutangaza hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Msomaji akitazama taarifa ya mapato ataona safu nne: robo hii, robo kama hii ya mwaka jana, jumla ya mwaka huu mpaka sasa, na jumla ya mwaka jana mpaka kipindi kama hicho. Ni jedwali lile lile la mama lishe. Kwenye mizania hazimo safu za jumla limbikizi, maana mizania ni baki, si mapato.

Wanaonunua hisa Dar es Salaam wasiishie kwenye safu ya jumla. Tuseme benki fulani ina faida ya bilioni 60 kwa miezi sita na bilioni 80 kwa miezi tisa. Toa 60 kutoka 80: robo ya tatu ilileta bilioni 20, wakati robo mbili za kwanza zilileta wastani wa 30. Jumla imepanda, kasi imeshuka. Kama safu ya robo imeachwa katika taarifa ya kampuni, kuitafuta ni kazi ya kutoa tu.

Zoezi

Muuza dagaa aliuza magunia haya. Mwaka 2024: Januari 40, Februari 35, Machi 50, Aprili 45. Mwaka 2025: Januari 30, Februari 50, Machi 45, Aprili 50. Tengeneza jedwali la jumla na tofauti. Je, kuna sababu ya kuogopa?

Jibu: jumla za 2024 ni 40, 75, 125 na 170. Za 2025 ni 30, 80, 125 na 175. Tofauti ni -10, +5, 0 na +5. Tofauti inayumba pande zote bila kuelekea upande mmoja, hivyo Januari peke yake haikuwa sababu ya kuogopa. Mama lishe wa Kigongo alikuwa na hali nyingine: tofauti ilikwenda upande mmoja miezi minne mfululizo, na sababu yake ilionekana kwa macho, imesimama juu ya maji.

Mwisho wa mwezi huu, kabla ya kuagiza mzigo au kutia sahihi mkopo, chukua daftari la mwaka jana uliweke kando ya la mwaka huu. Kazi hiyo inahitaji kalamu, rula na nusu saa.